Siku Shangazi Foibe Alipotangazwa Mgodi

Katika nchi ya Ung'avu ni kosa la jinai kuosha mchanga wa mto halafu ukasema hukupata kitu. Ukiulizwa na hujapata, unatakiwa kujibu "bado kidogo". Ukiwa umekaa mtoni kutwa nzima na karai lako ni kokoto tupu, unajibu "bado kidogo sana". Nayasema haya mwanzoni kwa sababu sisi hatukuambiwa, na tulipokuja kuyajua, shangazi yangu alikuwa karibu kukosa ndoa.

Tulikuwa wanne kwenye gari, tumetoka Mpwapwa. Baba ndiye aliyeendesha. Mdogo wangu Yona alikaa mbele na simu yake, anapiga picha kila jiwe. Nyuma nilikaa mimi, Sechelela, pamoja na Shangazi Foibe, dada yake Baba, na ndiye mwenye safari. Alikuwa anakwenda kuolewa Itigi. Msicheke, mwanamke wa miaka hamsini na ushee naye huolewa. Mzee Nehemia, mstaafu wa reli, alimposa mara ya kwanza zamani, mama yetu alipokuwa ndio kwanza amezikwa, mimi sijajua hata kufunga kamba za viatu na Yona bado wa kubebwa. Shangazi akamjibu kwamba ana watoto wawili wa kulea. Yule bwana hakuoa. Sasa sisi tumekua, akarudi kuposa tena, na kwenye simu alisema kwa sauti nyumba nzima tukasikia: "Foibe, ibada ni Jumamosi saa tisa alasiri. Nimekungoja ujana wangu wote. Jumamosi sitangoja. Usipoonekana, nitajua umenijibu."

Tulivyofika Ung'avu hakuna la kusimulia. Alhamisi jioni Baba aliacha barabara kuu kukwepa vumbi la malori, na mbele yetu likatokea lango la manjano lenye kibao: OSHA DHAHABU NA FAMILIA YAKO. HUKOSI.

"Hukosi!" Yona akasoma. "Baba, wameandika hukosi."

"Tulale hapa," Baba akasema. "Asubuhi tunaosha kidogo, mchana tunaondoka."

"Kaka, mimi naolewa," Shangazi akamwambia.

"Na utaolewa na dhahabu, dada yangu."

"Mimi naolewa na Nehemia."

Lakini Baba alikuwa ameshazima gari. Mlinzi wa lango, kijana mwembamba aitwaye Tengo, akaja dirishani akauliza, "Mmekuja kutazama au kupata?"

"Kupata," Baba akajibu.

"Karibuni. Wanaokuja kutazama huwa hatuwaingizi. Wanaona mengi."

Mimi nikajibanza nyuma ya Shangazi, maana kutazama ndiyo kazi yangu kubwa.

Nyumba zote za Ung'avu zimepakwa rangi ya dhahabu upande wa barabarani. Pande tatu zilizobaki ni udongo, na mtu akitaka kukusindikiza anapita nawe barabarani tu, hata kama njia ya nyuma ni fupi. Watu wakikutana hawaulizani hali. Mmoja husema "Umeona?" na mwenzake hujibu "Naona!" kisha wote wawili hupiga makofi, hata kama mmoja amebeba mtungi. Watoto shuleni hufundishwa kupiga makofi kabla ya kufundishwa kusoma, na wengine, mwalimu mmoja alitueleza bila kuona haya, huishia hapo na wanapata kazi nzuri. Simu hazishiki. Waliwahi kujenga mnara, wakaung'oa, kwa kuwa mlio wa simu uliwachanganya wapiga makofi.

Jioni ile kipaza sauti cha mjini kilirusha mjadala wa Bunge lao. Hoja ilikuwa hii: punje ya dhahabu ikiokotwa mara mbili, ihesabiwe punje ngapi? Kambi moja ilishikilia kwamba ni mbili. Kambi ya pili ikasema hapana, ni tatu, kwa sababu na furaha ya mgeni nayo ni mali ya nchi. Mbunge mmoja akasimama akauliza zenyewe ziko wapi. Spika akampongeza, akasema swali ni zuri mno, na kwamba litapelekwa nje ya nchi kwa masomo zaidi, pamoja na aliyeliuliza. Wote wakapiga makofi, na yule mbunge akapiga pia.

Mimi nimezoea kuamka alfajiri kuchota maji. Ijumaa niliteremka mtoni kunawa, nikamkuta mama mmoja mnene, kanga kiunoni, anatembea kwenye maji mafupi akitoa kitu kwenye kopo na kukinyunyiza mchangani kama anayepanda mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeona?"

"Bado sijaona vizuri. Unapanda nini?"

"Dhahabu."

"Inaota?"

"Inaokotwa," akasema, na akacheka mpaka kopo likatikisika. "Usinitolee macho hivyo, mwanangu. Hizi punje bibi yangu alizipanda, na mama yangu alizipanda. Jioni Wizara wanazikusanya, asubuhi wananikabidhi."

"Wageni wanajua?"

"Wageni ndio waliotaka. Zamani walikuwa wanaosha mpaka jua linazama wanapata kokoto, wananuna. Wakinuna wao, Wizara inanuna. Nchi nzima ikawa imenuna, hata ndoa zikapungua. Sasa si afadhali hivi?"

Alikuwa na uso wa mtu anayelala vizuri.

Tulipoteremka wote baada ya chai, tulikuta kando ya mto umati umeshapangwa kwa mistari. Mbele yao alisimama Bwana Hongera, Afisa Makofi wa Mto, mwenye viganja vipana kama sepetu. Alitupa kila mmoja karai. Unachota mchanga na maji, unazungusha taratibu, unamwaga juu, mchanga unaondoka na kizito kinabaki chini. Mimi kazi hiyo niliipenda. Ni kama kupepeta mchele, isipokuwa mikono inapoa.

Yona akawa wa kwanza. "Naona!" akapiga kelele, na umati ukalipuka. Punje yenyewe ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya mtama, na ubavuni ina kibonyeo kama jicho la kunde. Bwana Hongera akaipokea kwa mikono miwili, akatangaza kuwa mgeni amepata Jicho la Nchi, dhahabu kubwa kuliko zote Ung'avu. Kisha kwa utaratibu wa pale Yona akaishika kwa meno, akapigwa picha, akairudisha "ihifadhiwe". Kipaza sauti kikatangaza kwamba uzalishaji umepanda.

Baada ya kitambo kidogo Baba naye akapiga kelele. Nikainama nikaangalia karai lake. Kibonyeo kilekile.

"Baba," nikamnong'oneza, "hiyo si ya Yona?"

"Niache, Seche," Baba akasema, uso unamng'aa. "Nimepata."

Bwana Hongera akafika kwangu. "Na binti? Umeona?"

"Sijapata kitu," nikasema.

Makofi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mama mmoja kwenye mstari wa mbele alimziba mtoto wake masikio. Bwana Hongera akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Anamaanisha bado kidogo!" Baba akadakia. "Lugha ya kwetu ndivyo ilivyo."

"Bado kidogo," nikasema, na dunia ikarudi mahali pake.

Shangazi muda wote huo alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna karanga na kuuliza saa. Alishika karai kwa kulazimishwa. Alilizungusha mara chache tu, na Jicho la Nchi likajitokeza, maana yule mama wa kopo alikuwa amelitupia karibu yake kwa wema. Umati ukapiga vigelegele. Mpiga picha akaja. Shangazi akaiweka punje kwenye meno, mdomo bado una karanga.

"Cheka, mama! Cheka kama bibi harusi!" mpiga picha akasema.

Shangazi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akagusa koo lake, akanigeukia.

"Seche," akasema, "kile kitu kimekwenda na karanga."

Nimewahi kuona watu wakipata hasara. Mvua ikikataa, ng'ombe wakifa, naijua sura yake. Pale mtoni haikuwa hivyo. Waliduwaa kidogo tu, kisha Bwana Hongera akatuma mtu mbio wizarani, na kabla sijamaliza kumpigapiga Shangazi mgongoni, akafika Waziri wa Uzalishaji mwenyewe pamoja na wapima ardhi. Walipigilia vigingi vinne kuzunguka jiwe alilokalia Shangazi, wakafunga kamba, wakasimika kibao: MGODI WA TAIFA. MARUFUKU KUCHIMBA BILA KIBALI.

"Huu nini?" Shangazi akauliza.

"Mheshimiwa Mgodi," Waziri akamjibu kwa adabu, "dhahabu ikiwa ndani ya kitu na haijatolewa, kitu hicho kisheria ni mgodi. Hatujawahi kuwa na mgodi. Leo ni siku kubwa."

"Mimi ni Foibe. Nina ibada kesho Itigi."

Mpima mmoja akauliza kina chake. Shangazi akamwambia, "Kina cha nini, baba? Mimi nina kilo zangu tu." Alipotaka kusimama, wakamsihi akae, wakasema migodi haitembei. Akasimama. Wakahamisha vigingi. Akapiga hatua nyingine, wakahamisha tena, na mchezo huo ukaendelea mpaka jasho likawatoka wapima, na mtaalamu mmoja akaandika kibao kipya kwamba mgodi unapanuka kwa kasi.

Yona alikuwa amelala chini kwa kicheko. Baba naye alicheka mwanzoni. Mimi nilimtazama Shangazi usoni, nikaona hacheki.

Mchana ule Ung'avu walifanya sherehe. Mtaalamu wao mkuu aligundua kwamba dhahabu ikitikisika ndani ya karai huhesabiwa imeonekana, na kwamba kila Shangazi akipumua, punje inatikisika. Kwa hiyo kila pumzi yake ikahesabiwa kuwa dhahabu imepatikana. Kipaza sauti hakikupumzika. Alipopiga chafya watu walikumbatiana. Kambi zile mbili za Bunge zikapatana kwa mara ya kwanza, na kesho yake ikatangazwa kuwa sikukuu.

Nikaenda kwa Waziri. Alikuwa kwenye kivuli cha hema, anakunywa soda.

"Shikamoo mheshimiwa. Shangazi yangu anaolewa kesho. Tunaomba mtuachie."

"Hongera zake. Lakini binti, wewe huoni nchi nyingi migodi yao imechukuliwa na wageni? Sisi huu tumeamua kuulinda."

"Yeye mwenyewe ni mgeni, mheshimiwa."

"Yeye ni mgeni, kweli kabisa," akasema, akiweka soda chini aeleze vizuri. "Mgodi ndio wetu."

"Basi mtoe dhahabu yenu, mtu abaki."

"Tukiitoa itakuwa imetoka. Ikikaa humo, inaendelea." Akanitazama kama mwalimu aliyeridhika na swali. "Uzalishaji wa leo peke yake, binti yangu, umezidi ule wa tangu babu zetu. Utamwambiaje mwananchi kwamba umeuacha uende Itigi?"

Nilirudi kwenye kamba. Baba alikuwa amechuchumaa nje ya vigingi, hacheki tena, anachora mchangani kwa kijiti.

"Mimi ndiye niliyezima gari," akasema.

"Wewe umezima gari, mimi nimemeza," Shangazi akamjibu. "Tusigombanie sifa." Halafu akanishika mkono juu ya kamba. Kiganja chake kilikuwa baridi. "Seche, unajua kinachoniuma? Si hawa. Hawa ni wendawazimu tu, wana adabu zao. Ni kwamba kesho saa tisa yule baba atatazama barabarani, atasema, haya, Foibe amenijibu. Mara ya kwanza nilimkatalia kwa mdomo wangu. Hii ya pili nitakuwa nimemkatalia na mdomo nimeufunga."

Nikakaa chini nikatafakari. Kwenye gari tulikuwa na furushi la zawadi za Itigi, na ndani yake mlenda mkavu mfuko mzima. Karibu na lango kulikuwa na mipapai. Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa vitu hivyo viwili vinalifanya nini tumbo.

Nilipika mlenda mlaini unaovutika kutoka kwenye mwiko hadi kwenye chungu. Yona akaleta mapapai yaliyoiva. Mlinzi wa mgodi akatuzuia.

"Hapana. Kulisha mgodi kunahitaji tathmini ya athari kwa mazingira."

"Inachukua muda gani?"

"Haijawahi kwisha."

"Sawa, afande. Sheria inasema nini kuhusu mgeni akisikia njaa?"

"Mgeni ale! Kumnyima mgeni chakula ni kosa."

"Waziri amesema yeye ni mgeni, mgodi ndio wenu. Basi chakula hiki ni cha mgeni. Mgodi usile."

Mlinzi alifikiri. Alitazama bakuli, akamtazama Shangazi, akatafuta mahali ambapo mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Mwishowe akainua kamba.

"Lakini ale upande wa mgeni," akaonya.

"Nitajitahidi," Shangazi akasema, na akala bakuli zima, akaongeza na mapapai, akashushia maji.

Jumamosi jua limepanda kidogo, Shangazi alininong'oneza neno moja, nami nikampeleka. Choo cha wageni Ung'avu kimepakwa rangi upande wa barabarani kama nyumba nyingine. Lakini habari ikawahi kutoka. Tulipofungua mlango tulikuta nje umati, ngoma, Bwana Hongera na Waziri amevaa koti la sherehe. Maana sheria yao ni moja na haina kona: dhahabu inapotoka mgodini, mkubwa aliyepo ataiosha, ataiinua, atapiga kelele "Naona!", na ataishika kwa meno mbele ya wananchi.

Shangazi akawaonyesha kwa kidole ndoo niliyokuwa nimeitanguliza ndani. "Mali yenu hiyo," akasema, akajitanda kanga yake vizuri.

Waziri akakohoa. "Hii ni heshima kubwa sana, na mimi si mtu wa kujipendelea. Ninamkabidhi Bwana Hongera."

"Mimi, mheshimiwa? Mimi meno yananisumbua. Mtaalamu mkuu ndiye aliyeugundua mgodi."

"Mimi niliugundua kinadharia," mtaalamu akasema, na akarudi nyuma akamkanyaga mpiga ngoma.

Waliendelea kupokezana ile heshima mstari mzima, kila mmoja akimsifu mwenzake kuliko nafsi yake, na kwa kweli sijawahi kusikia viongozi wakinyenyekea namna ile. Jua lilikuwa linapanda. Itigi ilikuwa mbali.

"Nipeni karai," nikasema.

Niliteremka na ndoo mpaka upande wa chini wa mto, mbali na mahali pa wageni, penye maji yanayokimbia. Sitaeleza zaidi ya inavyostahili. Nilimwaga, nikazungusha, nikamwaga tena. Yona alisimama juu ya ukingo amejiziba pua na kitambaa. "Dada Seche, wewe huoni kinyaa?" akauliza. Nikamwambia Shangazi alituosha sisi wawili miaka mingi, na hakuna aliyempigia makofi. Akateremka akanimwagia maji.

Nilikuwa sina haraka mikononi. Karai lilibaki na maji masafi, na chini yake punje, na ubavuni kibonyeo. Hiyo ndiyo dhahabu pekee niliyowahi kuosha kweli.

Niliipeleka kwa Waziri juu ya jani la mpapai. Akarudi hatua moja. Nikamsogezea. Akarudi mbili. Bwana Hongera alikuwa ameinua viganja vyake na vikabaki vimeganda hewani, haviendi mbele wala havishuki. Nchi ya Ung'avu ilinyamaza mpaka nikasikia nzi. Halafu mtoto mmoja kwa mbali akasema, "Mama, si ndiyo ile wanayoitiaga mdomoni?" na akafunikwa na kanga.

Bunge liliitwa palepale, kwa dharura. Hawakukaa sana. Spika alisoma uamuzi: Jicho la Nchi halijawahi kuondoka mtoni; kilichoonekana mikononi mwa binti ni mchanga; na mgodi umefungwa kwa sababu za kiufundi. Takwimu za jana zitabaki kama zilivyo.

"Kwa hiyo tunaweza kwenda?" Baba akauliza.

"Nani amewazuia?" Waziri akashangaa.

Tukang'oa vigingi wenyewe ili gari lipite. Bwana Hongera alitusindikiza, mwenye huzuni kidogo. Nikamwuliza wageni wa kesho wataokota nini kikubwa. "Usijali, mwanangu," akanipigapiga begani. "Makofi yapo."

Langoni Tengo akaja dirishani kama siku ya kwanza. "Mmebeba nini?"

Kutoa dhahabu Ung'avu ni kosa. Nikakunjua kiganja, nikamwonyesha. "Bunge limesema ni mchanga."

Akaiangalia muda mrefu. Habari zote alikuwa amezisikia, maana kipaza sauti kiko juu ya kichwa chake. "Naweza kuishika?" akauliza kwa sauti ndogo. "Huwa wanashika wageni na wakubwa. Sisi tunashangilia."

Nikamwekea mkononi. Akaipima kwa kiganja, akaisogeza kwa kidole gumba, akatabasamu peke yake, wala hakupiga kelele. Kisha akanirudishia na kufungua lango.

"Nenda nayo," akasema. "Hapa itahesabiwa tu."

Baba aliendesha siku ile kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Njiani nilimpa Shangazi punje. Akausukuma mkono wangu nyuma. "Kaa nayo wewe. Mimi nimeshaibeba vya kutosha." Yona akacheka, Baba akacheka, na mwisho Shangazi mwenyewe akacheka mpaka akalia, halafu akaomba kioo, akajipaka poda, akauliza saa. Hakuna aliyemjibu. Saa tisa ilikuwa imepita tukiwa bado hatujauona mnara wa kanisa.

Tulipofika Itigi uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimeshabebwa, na mama mmoja alikuwa anafagia. Shangazi aliteremka polepole, kilemba chake kimelala upande. Kwenye ngazi za kanisa alikuwa ameketi mzee mrefu ndani ya suti ya kijivu, viatu amevivua na kuvipanga pembeni yake.

"Nehemia," Shangazi akasema. "Ulisema hutangoja."

"Sijangoja," yule mzee akajibu, anavaa viatu. "Nimekaa tu kupumzika."

"Kuna nchi moja huko njiani, baba, nilimeza..."

"Utanieleza nyumbani, Foibe. Mchungaji yupo nyuma anakula, na mimi pia nina njaa."

Mchungaji akaitwa akaja akifuta mdomo, yule mama wa ufagio akawa kwaya, na sisi watatu tukawa umati. Hakukuwa na ngoma wala kipaza sauti. Mchungaji akamwuliza Shangazi kama anamkubali mtu huyu. Shangazi akamtazama Mzee Nehemia, akajibu mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyehitaji kurudiwa.